Kutapika Ukweni

Kama umeanza dripu za saratani na unatapika mpaka unaona haya kutazamwa na watu wa nyumbani mwako, haya nayaandika kwa ajili yako. Yasome ukiwa umekaa, na kama beseni liko karibu usilisogeze mbali. Mimi nimeshavuka, namshukuru Mungu. Nywele zimerudi, ingawa zimerudi laini kama za mtoto mchanga na mke wangu kicheko hakimwishi. Udaktari siujui na sitajifanya naujua. Nitakusimulia aibu, maana nusura initangulize kaburini kabla ya ugonjwa wenyewe.

Jina langu Magori. Ni mchinjaji, nina bucha Butiama, kazi niliyoachiwa na baba. Tangu ujana sijawahi kugeuza uso mbele ya damu wala matumbo. Nilikuwa mtu wa kuwacheka wenye roho nyepesi. Mteja akiziba pua namwambia hiyo ndiyo harufu ya kitoweo kabla hakijavaa nguo zake. Mungu naye ana utani wake. Matibabu yalipoanza, hayakunionea mkono wala mguu. Yalinionea pua na tumbo, pale pale nilipokuwa najivunia.

Ugonjwa ulianza na vinundu shingoni. Nilidhani ni jino, nikasukutua maji ya chumvi wiki nzima. Kilipotokea kingine kwapani, mke wangu Nyabweke, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na hana subira na mwanafunzi mzembe, alinipeleka Musoma mwenyewe. Musoma wakakata kipande cha nundu, wakatutuma Mwanza. Mwanza wakatuambia ni saratani ya tezi, inatibika, nitawekewa dripu sita, kila moja baada ya wiki tatu, na katikati nitakuwa napima damu Musoma karibu na kwangu.

Kwenye benchi la Mwanza nilijifunza salamu mpya. Pale mtu hakuulizi unaumwa nini. Anakutazama kichwa, anaona kama nywele bado zipo, kisha anauliza, "Ya ngapi?" Ukijibu ya kwanza, wanakuonea huruma kama mtoto wa darasa la kwanza aliyeletwa shule analia. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu kwenye joto lile aliniambia, "Ya kwanza si mbaya. Mbaya ni safari ya kurudi." Nikamcheka moyoni.

Ilikuwa Novemba, watu wa Bunda wanapanda pamba. Nakumbuka kwa sababu dirishani mwa basi niliwaona wameinama mashambani, na ndicho kitu cha mwisho nilichokiona vizuri siku hiyo. Tulipoipita Lamadi tumbo likageuka. Nilitapika kwenye mfuko aliokuwa ameuweka Nyabweke, nikaujaza, nikatapika kwenye mtandio wake. Mama mmoja aliyekaa mbele yetu akamhamisha mtoto wake. Kondakta alisema kwa upole, lakini alisema: "Mzee, Bunda tunakushusha. Ukipata nafuu utapanda ingine."

Kwenda mpaka Butiama kungekuwa gari mbili zaidi, na mimi hata kusimama sikuweza. Bunda hatuna ndugu isipokuwa mmoja tu. Nyabweke alipotoa simu nikajua anampigia nani, nikamshika mkono.

"Usimpigie mama yako," nikasema.

"Nimpigie nani, Baba Neema? Mkuu wa wilaya?"

Hapa lazima nieleze, maana msomaji wa mbali anaweza kudhani nilikuwa na ugomvi na mama mkwe. Sikuwa na ugomvi naye. Nilikuwa na heshima, na heshima yetu ni nzito kuliko ugomvi. Kwa jinsi nilivyolelewa, mama mkwe hutazamani naye. Mkikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Jina langu halitamki, na lake mimi silitamki, ndiyo maana hata hapa hutalisoma. Tangu nimuoe binti yake nilikuwa sijaiona sura yake yote kwa mara moja. Niliwahi kuona upande wa khanga, kisigino, mkono ukipokea mzigo. Na juu ya yote, mkwe hali chakula mahali mama mkwe alipo. Wazee walituambia mdomo wa mkwe usionwe ukitafuna.

Basi mdomo huo ndio nilioupeleka Nyasura, pale pale Bunda, kwenye nyumba yake ya vyumba viwili, mwanamke mjane anayeishi peke yake. Alikuwa amesimama mlangoni kutupokea, uso ameugeuzia ukutani kama ipasavyo. Nilitaka kusema shikamoo. Badala ya shikamoo yakatoka yale mengine, kwenye kizingiti, na mengine yakaruka mpaka miguuni pake.

Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Nimeanguka na pikipiki mbele ya wanafunzi, nimewahi kusahau kiapo katikati ya kufunga ndoa, yote hayo yalikuwa mchezo. Nilitamani ardhi inimeze na isinirudishe.

Wakanilaza sebuleni nyuma ya pazia lililofungwa kwa kamba. Nyabweke akakaa nami siku iliyofuata, kisha akarudi Butiama kufundisha, kwa sababu watoto wa darasa la nne walikuwa kwenye mitihani. Nikabaki mimi na mama mkwe na pazia katikati yetu.

Yeye alikuwa na kuku aliyekuwa anatamia chini ya meza ya sebule, na kwa kuwa hakuweza kusema nami, alisema na kuku.

"Wewe kuku," nilimsikia, "mwambie huyo mgeni uji uko hapa kwenye stuli. Mimi naenda kisimani, sirudi sasa hivi."

Miguu ikaondoka, mlango ukafungwa. Uji wa ulezi, moto, umetiwa ndimu. Nikautazama tu. Nitakunywaje uji nyumbani kwa mama mkwe? Ukapoa, ukafanya utando juu, akarudi akautoa bila kusema neno, hata kwa kuku.

Sasa kuna jambo la vidonge. Mwanza walinipa pakiti mbili. Moja ilikuwa ya kuzuia kutapika. Nyingine ilikuwa ya kusaidia ile dripu, na hiyo waliniambia nimeze baada ya kula. Mimi kwa kichwa changu nikajumlisha. Dawa ni dawa, na dawa haimezwi na tumbo tupu, hivyo ndivyo alivyokuwa akisema mama yangu mzazi hata kwa panado. Na kwa kuwa ukweni sili, vidonge vyote vikabaki mfukoni mwa koti. Sikumkaidi mtu. Niliona ni jambo lililo wazi kabisa: sili, kwa hiyo simezi.

Nilitapika mpaka nikatoa maji ya njano, kisha nikawa natapika bila kutoa kitu. Mkojo ulikuwa mwekundu kwa sababu moja ya dawa za dripu ilikuwa nyekundu, na choo ni kimoja uani, anachotumia mama mkwe. Nilikuwa namsikiliza ameingia ndani ndipo natoka nimejifunika shuka kichwani kama mwali, naenda, namwagia maji mara mbili ili asione rangi. Nikirudi nakuta beseni langu limeoshwa na kurudishwa mahali pake. Ningekuwa na nguvu ningelia.

Dripu ya pili ilikuja kabla ya Krismasi, pamba imeshaota na watu wanaipunguzia miche. Nywele zilikuwa zimeanza kubaki kwenye mto kwa mafungu. Kucha zikafanya weusi. Bucha nilimwachia mdogo wangu, kwa sababu harufu ya nyama ilikuwa inanifanya nigeuke nikiwa bado barabarani, na wateja wangu, ambao niliwatania miaka yote, wakapata siku ya kulipiza. "Magori, mtoto atazaliwa mwezi gani?" Nilicheka nao. Nikifika nyumbani nalala nimegeukia ukuta.

Safari hiyo ya pili, maana Nyabweke alikuwa ameamua nitakuwa nashukia Bunda kila baada ya dripu mpaka nipate nguvu, ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Mama mkwe alikuwa amenitandikia kitenge chake cha kwaya juu ya godoro, kitenge kizuri cha sare, na mimi nikakichafua chote kabla hata sijavua viatu. Asubuhi nilikiona kwa dirisha kimeanikwa uani. Jirani akauliza kwa sauti, "Mama, umefua sare leo Jumanne?"

"Si unaona jua zuri," akamjibu.

Kisha akaingia ndani, akamwambia kuku, "Mgeni asiwaze. Nguo zinafuliwaga."

Niliporudi Butiama nikamwambia mke wangu imetosha, siendi tena. Hakuamini. Nikarudia. Nikamwambia mimi ni mwanaume mwenye watoto watatu, na mwanamke aliyemzaa mke wangu anabeba matapishi yangu kwenye beseni. Kama ni kufa, nitakufa nikiwa na uso.

"Kwa hiyo unataka niwe mjane kwa sababu ya mama yangu?" akasema Nyabweke. Alikuwa anasahihisha madaftari, akayasukuma mpaka yakaanguka. "Nimwambie Neema baba yake amekufa kwa adabu?"

Hatukusemezana siku kadhaa. Watoto wakawa wanatembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yao. Mwisho nikakubali kitu kimoja tu, nitakwenda Musoma kupima damu kama nilivyopangiwa, halafu basi.

Musoma kulikuwa na nesi anayeitwa Sista Anastazia, mwanamke mnene wa miaka hamsini hivi, anayekohoa kabla ya kusema jambo zito. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu na ziwa lilikuwa linaleta upepo wa samaki mpaka kwenye korido, nikawa nimeziba pua kwa leso. Aliponiita, hakutazama karatasi. Alinivuta ngozi ya mkono kwa vidole viwili, ikabaki imesimama.

"Umekauka hivi kwa nini? Vidonge vya kutapika hukupewa?"

Nikavua koti, nikatoa pakiti. Zote zilikuwa nzima, za mara ya kwanza na za mara ya pili.

Akakohoa. "Baba Neema, hizi ulikuwa unamtunzia nani?"

Nikamweleza. Nilieleza nikitazama sakafu: sili ukweni, kwa hiyo simezi. Nilingoja anicheke. Yeye ni mtu wa huku huku, hakucheka. Alivuta kiti akakaa, na watu wa foleni wakaanza kunung'unika nje.

"Sikiliza. Hiyo dripu inaua saratani, lakini inaumiza na ukuta wa ndani wa utumbo. Utumbo ukiumia unamwaga kitu kinaitwa serotonini. Watu wanafikiriaga hicho kitu ni cha kichwani tu, kumbe nyingi iko tumboni. Sasa kuna mshipa mmoja wa fahamu, mrefu, unaitwa vegasi. Umetoka kwenye ubongo, umepita shingoni, umeshuka mpaka tumboni. Ncha zake huko chini zina mahali pa kupokea, tunaitaga vipokezi. Serotonini ikikaa pale, mshipa unapeleka habari juu kwamba humu mna sumu. Ubongo unajibu: itoe."

"Na hivi vidonge?"

"Hivi vinawahi kukaa pale kwanza. Serotonini inakuja inakuta kiti kina mtu. Ndiyo maana vinamezwaga kabla. Ukingoja mpaka utapike, umefunga zizi ng'ombe wameshatoka."

Kisha nikauliza lile nililokuwa nalo tangu Lamadi. "Kwa hiyo si woga?"

"Woga wa nini?"

"Mimi ni mchinjaji, Sista. Watu wanasema nimekuwa na roho nyepesi."

"Huo mshipa haujui kama wewe ni mchinjaji," akasema. "Haujui mkwe, haujui mwanaume. Simba akiwekewa hiyo dripu atatapika."

Nilijishika shingo. Huo mshipa nilikuwa naujua. Ukipasua shingo ya ng'ombe, pembeni ya koromeo, umelala sambamba na mshipa mkubwa wa damu, kuna uzi mweupe, mgumu kukatika, unashuka kwenda kifuani. Maisha yangu yote niliuona kuwa uchafu wa kawaida, nikautupia mbwa. Sikujua kama huo ndio unaobeba habari za tumbo. Siwezi kusema aibu iliniisha pale, lakini ilipungua uzito, kama mtu aliyeshikiwa upande mmoja wa mzigo.

Sista akatenganisha pakiti mezani. "Hivi vya kutapika unameza na maji funda moja, hata kama hujala tangu jana. Saa moja kabla ya dripu, na siku zinazofuata asubuhi na jioni. Vitakufunga choo, usishangae, kunywa maji. Lakini hivi vingine," akagonga pakiti ya pili kwa kucha, "hivi ndiyo vinataka chakula. Hapo sina ujanja. Hapo lazima ule."

"Kwa mama mkwe?"

"Popote utakapokuwa."

Ya tatu nilikwenda, pamba inapaliliwa. Nilimeza kabla kwa funda la maji kama alivyosema. Basi likaipita Lamadi na tumbo langu likabaki mahali pake. Kichefuchefu kilikuwepo, sikudanganyi, kilikaa kooni kama mgeni asiyeaga, lakini nilifika Nyasura nimesimama kwa miguu yangu na nikasema shikamoo mbali na mlango, uso nimegeuza. Kutoka ndani nikasikia, "Marahaba, wewe kuku." Nyabweke alicheka mpaka akashika ukuta.

Nilidhani nimemaliza. Sikumaliza kitu, kwa sababu bado nilikuwa sili. Uji ulikuja, ukapoa, ukaondoka. Vile vidonge vya pili nikavimeza hivyo hivyo tumbo tupu, vikanichoma kama pilipili, nikaacha. Nilipokwenda kupimwa Musoma kwa ajili ya dripu ya nne, damu ilikuwa imeshuka. Daktari akasema dripu inasogezwa mbele, na kama nitaendelea hivyo haitawekwa kabisa. Nimepungua, mwili hauna cha kusimamia. Zile siku za baada ya dripu ndizo nilipaswa kula, na ndizo nilizokuwa nashinda njaa.

Hapo nitasema wazi ninachokuomba wewe unayesoma. Mwambie mtu vidonge vyako unavimezaje. Mwambie hata kama sababu yako ni ya ajabu, hata kama unaona atakucheka. Kila mtu hospitali alidhani nameza, mimi nilidhani nafanya vizuri, na katikati yetu kulikuwa na pakiti nzima ndani ya koti. Na kama vidonge havikuzuii vya kutosha, sema, wana vingine. Mimi mpaka habari ya choo kufunga niliieleza, kwa kunong'ona, na Sista akaijibu kwa sauti ambayo korido nzima iliisikia. Sikufa.

Dripu zote sita nilizimaliza. Ya mwisho iliwekwa mvua za masika zinanyesha na pamba ya Bunda ina vitumba. Daktari alinipapasa shingo na kwapa, akatazama picha, akasema hakuna kinachoonekana, turudi kila baada ya miezi mitatu. Sasa watu wanavuna na mimi nimerudi buchani, nusu siku, nimeziba pua kidogo. Watu wakiniuliza nilipataje nguvu ya kumaliza, nasema ni maombi, na kweli yalikuwepo. Lakini jinsi nilivyoanza kula, hilo sijamwambia mtu.

Ilikuwa baada ya ile ya nne. Ilikuwa Jumamosi mchana, Nyabweke amekuja kutoka Butiama kunitazama. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, wakadhani nimelala. Walikuwa upande wa mlango wa uani, yeye na mama yake, na nilimsikia Nyabweke akivuta pumzi.

"Mama, hii gauni si ilikuwa inakubana? Mbona inakuzunguka hivi?"

"Joto."

"Joto halikondeshi mtu. Mama, unakula?"

Maji yalikuwa yanamwagwa mahali.

"Mama."

"Nitakulaje, na mkwe yuko ndani?" akasema mama mkwe, kwa sauti ya chini sana. "Akiwa hapa mimi sili. Nikienda kwa jirani watauliza kwa nini nakula kwa watu, watajua mkwe yuko kwangu. Nakunywaga chai ya rangi huko huko jikoni, nimekaa nimegeuka. Akiondoka ndiyo nakula. Siku zenyewe chache."

"Tangu mara ya kwanza?"

"Tangu mara ya kwanza. Usimwambie. Ataona aibu, ataacha dawa."

Nililala pale nimeuma shuka. Kwa miezi hiyo yote nilijua aibu ni yangu peke yangu. Nilikuwa nimeikumbatia, nimeitunza, nimemnunia mke wangu kwa ajili yake. Kumbe upande wa pili wa pazia mwanamke mzima, mwenye nyumba yake, sufuria zake na unga wake, alikuwa anashinda na njaa ili nisipoteze uso. Alikuwa ananiletea uji wa moto, naukataa kwa heshima, na kwa heshima hiyo hiyo yeye anaumwaga na kulala hajala. Sisi wawili tulikuwa tunakufa kwa adabu, kila mtu upande wake.

Nikamsikia Nyabweke akipandisha sauti ya darasani.

"Basi leo mtakula. Wote. Kama hamwezi kutazamana, peaneni migongo. Wazee walikataza mdomo kuonekana, mgongo hawakuukataza."

"Nyabweke, watu watasema—"

"Watasema nini? Nani ataona? Mimi nimechoka na heshima ya kuzika watu."

Nikajua wananingoja mimi, kwa sababu maneno ya mwisho yalisemwa kuelekea kwenye pazia. Tangu nioe nilikuwa sijasema naye neno zaidi ya shikamoo.

"Mwambie mama," nikasema, "mimi nakubali."

Nyabweke akafungua kamba ya pazia, likaanguka chini. Alikuta tayari nimegeukia dirisha. Akaweka stuli mbili, mgongo kwa mgongo, akapika mwenyewe kwa haraka na kelele nyingi, ugali wa mtama na mchuzi wa sato. Akampa kila mtu sahani yake na bakuli lake magotini. Kisha, kwa kuwa basi la mwisho analoliamini lilikuwa linakaribia kupita, akachukua mkoba wake, akatuaga sisi wote wawili kwa pamoja, akafunga mlango.

Tukabaki. Nilikuwa naogopa kuliko siku niliyosikia neno saratani. Nilikata tonge dogo, nikalichovya, nikalitia mdomoni, nikaanza kutafuna taratibu nisitoe sauti. Nyuma yangu hakukuwa na kitu, hata bakuli halikulia. Nikadhani ameshindwa. Nikameza, nikakata jingine, na ndipo nikamsikia. Kwanza alikuwa anatafuna polepole kama mimi, kisha kwa nguvu, kisha kama mtu aliyekuwa na njaa ya miezi. Alinyonya miiba ya samaki. Akakwaruza bakuli. Machozi yalikuwa yananitoka, na kwa kuwa hakuna aliyeniona nikayaacha yateremke ndani ya mchuzi.

Nilikula mpaka nikaona chini ya bakuli. Nyuma yangu naye akaacha kukwaruza.

"Nikuongeze?" akasema.

Nikanyoosha bakuli nyuma ya mgongo wangu, bila kugeuka, na mkono wake ukalipokea.